Namna ya Jaji Kuchagua Tarehe ya Kustaafu Bila Kuigeuza Kuwa Kura

Mwongozo huu unamhusu jaji wa Kenya aliyekwisha kutimiza miaka 65 na hajafika 70, yaani mtu ambaye Katiba imempa hiari ya kuondoka siku yoyote anayoitaka ndani ya kipindi hicho cha miaka mitano. Ninauandika nikiwa Mombasa, ambako kazi yangu ya uwakili hunipeleka mahakamani karibu kila siku, na nimekusudia umfae pia mwananchi anayetaka kujua ampime kwa kigezo gani jaji anayetangaza kwamba anaondoka. Swali lenyewe ni hili: je, jaji mwenye umri mkubwa aipange siku ya kustaafu kwa kutazama nani yuko Ikulu, nani ana wabunge wengi, na uchaguzi umebakisha muda gani? Jibu langu ni kwamba yako mambo ya kisiasa ambayo ni wajibu wake kuyatazama, kwa mfano kalenda ya uchaguzi, na liko moja ambalo hana ruhusa ya kulitazama hata kidogo, nalo ni mtu au chama kitakachonufaika kiti chake kikibaki wazi. Mambo haya mawili hukaa karibu mno, na kazi kubwa ya mwongozo huu ni kuonyesha jinsi ya kuyatenganisha.

Hesabu umri wako kwa Katiba

Hatua ya kwanza ni kukifungua Kifungu cha 167 cha Katiba ya mwaka 2010 na kuhesabu kwa kalamu. Kifungu hicho kinasema kwamba jaji atastaafu akifika miaka 70, lakini anaweza kuchagua kustaafu wakati wowote baada ya kufika 65. Jaji Mkuu ana sharti la ziada: hukaa katika wadhifa huo kwa muda usiozidi miaka kumi au mpaka afike umri wa kustaafu, lolote litakalotangulia, na miaka kumi ikimwishia kabla ya umri, anaruhusiwa kubaki katika Mahakama ya Juu kama jaji wa kawaida. Tuchukue mfano ulio mbele yetu. Jaji Mkuu Martha Koome alizaliwa Juni 1960 na akaapishwa Mei 2021. Miaka kumi yake ingekwisha Mei 2031, lakini atatimiza 70 Juni 2030, kwa hivyo umri ndio utakaotangulia; na tangu Juni 2025 anayo hiari ya kuondoka akitaka. Kila jaji afanye hesabu ya namna hii mapema, kwa sababu hesabu iliyoachwa mpaka mwisho huzaa kesi.

Yalitokea. Katiba ya zamani iliwaruhusu majaji kukaa mpaka miaka 74, na baadhi ya walioteuliwa wakati huo waliamini kwamba haki hiyo ilivuka nao kuingia katika Katiba mpya. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walikwenda mahakamani kudai wabaki mpaka 74. Mahakama Kuu ilikataa mwishoni mwa 2015, Mahakama ya Rufaa ikakataa Mei 2016, na shauri likafika Mahakama ya Juu yenyewe, ambako majaji walitakiwa kuamua kuhusu viti vya wenzao waliokuwa wakiketi nao. Lilifikia tamati tarehe 14 Juni 2016, siku mbili kabla ya Jaji Mkuu Willy Mutunga kuondoka, na ilifahamika wazi kwamba kama Naibu wake angebaki kazini, yeye ndiye ambaye angekaimu. Wote wawili walikuwa na hoja ya kisheria, nami siwalaumu kwa kuitetea. Hata hivyo mahakama iliumia, kwa sababu mwananchi aliona suala la umri, ambalo ni hesabu tu, likigeuka kuwa mvutano wa madaraka miezi michache kabla ya mwaka wa uchaguzi.

Majirani zetu wamepata maumivu ya aina nyingine, yale ya kuongezewa muda. Nchini Uganda, Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifika 70 mwaka 2013, Rais Museveni akataka aendelee, na Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2014 kwamba jambo hilo halikubaliki. Mrithi wake, Bart Katureebe, alipatikana 2015. Nchini Tanzania, Jaji Mkuu Ibrahim Juma alipotimiza 65 mwaka 2023, Rais alimwongezea muda, na mjadala mkali ukafuata miongoni mwa wanasheria. Katiba yetu haimpi Rais mlango huo, na jaji yeyote wa Kenya atakayedokezwa kwamba huenda ukapatikana ujanja wa kumbakisha akatae papo hapo, kwa maandishi.

Jua ni nani hasa atakijaza kiti

Hoja ya majaji kupanga kustaafu kwa siasa imetufikia zaidi kutoka Marekani, na ni lazima ieleweke kwao kabla ya kuletwa kwetu. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani hawana umri wa kustaafu. Rais hupendekeza jina, Seneti huidhinisha, na aliyeidhinishwa hukaa mpaka afe, ajiuzulu au aondolewe na Bunge. Ruth Bader Ginsburg alikuwa amevuka miaka 80 katika mwaka 2013 na 2014, wakati Rais Barack Obama alipokuwa madarakani na chama chake cha Democratic kilikuwa na wingi katika Seneti. Watu waliompenda walimsihi aondoke wakati huo, naye akakataa. Alifariki tarehe 18 Septemba 2020 akiwa na miaka 87, Rais akiwa Donald Trump, na kabla ya Oktoba kwisha Amy Coney Barrett alikuwa ameidhinishwa kwa kura 52 dhidi ya 48, siku chache tu kabla ya uchaguzi. Juni 2022 mahakama hiyo ilifuta uamuzi wa mwaka 1973 uliokuwa ukilinda haki ya kutoa mimba, na Barrett alikuwa miongoni mwa majaji watano waliokubaliana kuufuta.

Wengine walifanya kinyume cha Ginsburg. Anthony Kennedy aliondoka 2018 na nafasi yake ikachukuliwa na Brett Kavanaugh. Stephen Breyer aliondoka 2022 akiwa na miaka 83 na nafasi yake ikachukuliwa na Ketanji Brown Jackson. Kavanaugh alikuwa amewahi kufanya kazi katika ofisi ya Kennedy kama msaidizi wake wa kisheria, na Jackson katika ofisi ya Breyer. Kila mmoja aliondoka chini ya Rais wa chama kilekile ambacho Rais wake ndiye aliyemteua. Sioni haki ya kumlaumu yeyote kati yao kirahisi, kwa sababu katika utaratibu kama ule kila tarehe ni ya kisiasa, hata tarehe ya kifo. Jaji aliyewekwa katika hali hiyo hana njia safi. Dawa yake iko katika sheria, ama kwa kuweka umri wa mwisho kama Uingereza, ambako sasa ni miaka 75, ama kwa kuweka muhula mmoja usiorudiwa kama Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ambayo majaji wake hukaa miaka 12.

Kwetu sheria hiyo ipo tayari, na ndiyo sababu hoja ya Marekani haiwezi kuhamishwa ikapachikwa Kenya kama ilivyo. Kiti cha jaji kikiwa wazi, Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo inayotangaza nafasi, kupokea maombi, kuwahoji waombaji hadharani na kupeleka jina kwa Rais. Tume hiyo ina wajumbe 11: Jaji Mkuu, majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili, Mwanasheria Mkuu, mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma, na wananchi wawili wasio wanasheria wanaoteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Bunge huidhinisha Jaji Mkuu na Naibu wake tu. Majaji wengine hawapiti huko. Kwa hivyo jaji anayeondoka leo ili Rais fulani apate kumteua mrithi fulani anamkabidhi Rais huyo kitu ambacho Katiba haikumpa.

Msomaji makini atanikumbusha yaliyotokea kati ya 2019 na 2022, na ana haki. Tume ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019, wakiwemo 11 wa Mahakama ya Rufaa, na Rais Uhuru Kenyatta akakaa na orodha hiyo karibu miaka miwili. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita, ilhali mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Kwa hiyo ni kweli kwamba Ikulu inaweza kuchelewesha, hata pale ambapo mahakama zimesema haina mamlaka ya kuchagua. Lakini tazama somo linaelekea wapi. Jaji ambaye angejiuzulu 2019 akiamini kwamba kiti chake kitajazwa haraka na watu anaowakubali, angekiacha kiti hicho kitupu kwa miaka miwili, na walioumia wangekuwa wenye rufaa. Nahodha wa jahazi anaweza kuipangia safari kaskazi na kusi kwa sababu pepo hizo hurudi kwa majira yake kila mwaka; siasa ya uteuzi haina majira, na anayeitegea hubaki ametweka tanga mahali pasipo upepo.

Iko pia hoja ya urithi, ambayo naiheshimu zaidi kuliko zote. Jaji aliyekaa miaka mingi akijenga msimamo wa sheria, tuseme kuhusu haki za maskwota wa Pwani au masharti ya kazi bandarini, anaogopa kwamba mrithi asiyefaa atabomoa alichojenga. Hofu hiyo ni ya kibinadamu. Ila hukumu husimama kwa sababu zilizoandikwa ndani yake, na jaji anayeondoka kwa mahesabu ili kuzilinda hukumu zake anawapa wapinzani wake ushahidi waliokuwa wakiutafuta, kwamba tangu mwanzo zilikuwa maoni ya kundi lake. Akitaka kuulinda urithi huo, aandike sababu zake vizuri zaidi katika miezi aliyobakiza.

Tazama kalenda ya uchaguzi, acha orodha ya wagombea

Hapa ndipo tunapofika kwenye siasa iliyo halali. Willy Mutunga alizaliwa Juni 1947, na kwa umri angeweza kukaa mpaka Juni 2017. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017. Kwa mujibu wa Kifungu cha 140, kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu huwa na siku 14 za kuisikiliza na kuiamua. Kama Mutunga angesubiri umri umtoe, mrithi wake angeingia katika kesi nzito kuliko zote za nchi akiwa bado anajifunza milango ya jengo. Aliondoka Juni 2016, mwaka mzima kabla ya wakati wake, na alieleza mapema kwamba anataka mrithi apate muda wa kujiandaa. David Maraga alichukua nafasi Oktoba 2016, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama aliyoiongoza ikabatilisha uchaguzi wa urais.

Uamuzi wa Mutunga ulikuwa wa kisiasa kwa maana kwamba uliufikiria uchaguzi. Haukuwa wa kisiasa kwa maana ninayoikataza, kwa kuwa Juni 2016 hakuna aliyeweza kujua Jaji Mkuu mpya angekuwa nani wala angeamua vipi, na mtu angeweza kuuunga mkono akiwa wa chama chochote. Hiki ndicho kipimo, nacho kinatumika hivi: andika tarehe yako kwenye karatasi pamoja na sababu yake, kisha jiulize kama ungebaki na tarehe ileile endapo Ikulu ingekuwa na mpinzani wa Rais wa sasa. Ukiona mkono unataka kuisogeza tarehe mbele au nyuma, basi sababu uliyoiandika siyo sababu yako ya kweli. Anza upya.

Umuhimu wa idadi ya majaji nao usipuuzwe. Mahakama ya Juu ina majaji saba, na haiwezi kuketi wakiwa chini ya watano. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, lilikuwepo ombi la kuusimamisha, na waliofika mahakamani ni majaji wawili tu, Jaji Mkuu Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Ombi halikusikilizwa. Jaji wa mahakama hiyo anayechagua tarehe ahakikishe kwamba kuondoka kwake, kukichanganyika na ugonjwa au udhuru wa wengine, hakuikaribishi mahakama kwenye shimo hilo msimu wa uchaguzi.

Kwa jaji wa Mahakama Kuu hapa Mombasa hesabu ni ya namna nyingine kidogo. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kesi za kupinga ushindi wa wabunge na magavana hufunguliwa ndani ya siku 28 na ni lazima ziamuliwe ndani ya miezi sita, maana yake ni kwamba zitaendelea mpaka takriban Machi 2028. Tunajua hapa kesi hizi zinavyoweza kukua: mvutano wa ugavana wa Mombasa kati ya Hassan Joho na Suleiman Shahbal baada ya uchaguzi wa 2013 ulianza Mahakama Kuu na kufika Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Februari 2014. Jaji anayekusudia kuondoka kati ya Agosti 2027 na Machi 2028 amwarifu Jaji Mkuu mapema asipangiwe kesi ya uchaguzi hata moja. Akishapangiwa, akae mpaka aimalize. Kujiuzulu katikati ya kesi ya uchaguzi, hata kwa sababu njema kabisa, kutasomwa na kila upande kama ujumbe.

Mafaili kwanza

Ninalipa jambo hili nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalosahaulika wakati watu wanapobishana kuhusu Ikulu. Jaji akiondoka, huacha mafaili ya aina tatu. Yako yaliyosikilizwa yakakwisha na yanasubiri hukumu. Yako yaliyosikilizwa nusu, mashahidi wa mlalamikaji wamekwisha kutoa ushahidi na wa mshtakiwa bado. Na yako ambayo hayajaanza. Aina ya tatu haina taabu. Aina ya kwanza ina dawa, kwani kanuni za mwenendo wa kesi za madai zinataka hukumu isomwe papo hapo au ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika, na zinamruhusu jaji mpya kuisoma hukumu ambayo mtangulizi wake aliiandika na kuitia saini. Hukumu isiyoandikwa haina wa kuisoma.

Aina ya pili ndiyo inayoumiza. Sheria inamruhusu jaji mpya kuendelea pale alipoishia mwenzake kwa kutumia ushahidi uliorekodiwa, na katika kesi ya jinai ni lazima mshtakiwa aelezwe kwamba ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Kwenye karatasi jambo hilo linaonekana jepesi. Mtazame sasa mama mmoja mzee niliyemkuta nje ya masjala ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, amevuka feri ya Likoni alfajiri, begani ana mfuko wa plastiki wenye stakabadhi za shamba alilolima mumewe, risiti za zamani zimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Alikuwa amekwisha kusimama kizimbani, akaulizwa maswali na wakili wa upande wa pili, akalia, akajibu. Jaji aliyemwona akilia alikuwa amekwenda zake. Karani alimpa tarehe ya kutajwa mbele ya jaji mwingine, kwa adabu, na mama akaniuliza, akiniita mwanawe, kama huyu mpya atamsikia yeye au atasoma tu maneno yake. Nilimweleza sheria. Sikuweza kumwambia kwamba ni sawasawa, kwa sababu sura ya shahidi haiandikwi kwenye mwenendo wa kesi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Miezi 18 kabla ya tarehe unayoifikiria, mwagize naibu msajili akuandalie orodha ya kesi zako zote, na kwa kila moja aonyeshe shahidi wa ngapi amefikiwa. Orodha hiyo ndiyo itakayokupa tarehe, kuliko gazeti lolote. Kuanzia hapo usianze kusikiliza kesi ndefu mpya; mwombe jaji msimamizi wa kituo azipeleke kwa wenzako. Kesi zilizofika nusu zipewe siku zinazofuatana, mawakili tukilalamika tulalamike, maana mtindo wetu wa kuahirisha ndio unaozifanya zizeeke. Miezi mitatu ya mwisho iwe ya kuandika tu. Ukiitumia pia likizo ya mahakama ya Agosti kuandika hukumu, utaondoka ukiwa umewasomea watu maneno yao wenyewe, wakiwa wamekaa mbele yako.

Ikiwa orodha inaonyesha kwamba utamaliza Machi, na washauri wako wanakwambia usubiri Septemba kwa sababu ya upepo wa siasa, ondoka Machi. Ikiwa wanakwambia uondoke Machi na orodha inasema Septemba, kaa.

Afya

Mwili hauna chama. Jaji William O. Douglas wa Marekani alipatwa na kiharusi siku ya mwisho ya mwaka 1974 na hakuondoka mpaka Novemba 1975. Katika kipindi hicho wenzake walikubaliana kuahirisha kesi ambazo kura yake ndiyo ingeamua matokeo. Umri wetu wa miaka 70 hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Mchague mwenzako mmoja unayemwamini, mpe ruhusa ya kukwambia ukweli siku utakapoanza kusahau yaliyosemwa asubuhi, na akikwambia usimwombe ushahidi. Sababu ya afya ikiwepo, mahesabu mengine yote niliyoyaeleza yanawekwa kando, hata yale ya mafaili.

Namna ya kutangaza

Barua iende kwa Rais kwa maandishi, kama Katiba inavyoagiza kwa anayejiuzulu, na nakala kwa Jaji Mkuu na Tume. Iwe fupi: tarehe, kifungu cha sheria, na sababu moja ya kweli. Barua isiwe na hotuba juu ya hali ya nchi. Ikiwa sababu unayoiandika siyo ile unayomwambia mwenzako wa ndani usiku, usiipeleke bado.

Tangaza mapema, walau miezi sita kabla, na mwaka mmoja ni bora zaidi kwa mwenye wadhifa wa juu. Maraga alitimiza 70 tarehe 12 Januari 2021, na Koome akaapishwa Mei. Miezi minne ilipita Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu akikaimu, ingawa siku ya Maraga kuondoka ilijulikana tangu alipozaliwa. Anayeondoka kwa hiari bila kutoa notisi anaongeza pengo hilo. Tena tarehe iliyotangazwa mapema hulindwa na kutojulikana kwa mambo: mwaka mzima kabla, hata mchambuzi hodari hawezi kusema kwa uhakika nani atanufaika. Baada ya kutangaza usiibadilishe, isipokuwa kwa ugonjwa.

Namna mwananchi anavyoweza kupima

Kwenye baraza zetu, kuanzia Mji wa Kale mpaka Kisauni, jaji akitangaza kuondoka husemwa mara moja kwamba ametumwa au amefukuzwa kimyakimya. Kabla ya kulibeba neno hilo, yaangalie mambo matatu yanayoonekana na kila mtu. Je, alitangaza muda mrefu kabla, au barua ilitoka leo na kiti kiko wazi kesho? Je, ameziacha kesi za watu katikati, hasa kesi za uchaguzi au za serikali? Na je, amekwenda wapi baada ya hapo? Jibu la swali la tatu huchukua muda kupatikana, lakini lina uzito. Sheria haimkatazi jaji mstaafu kuingia katika siasa. Maraga mwenyewe ametangaza azma ya kuwania urais 2027. Yeye aliondolewa na umri, miaka kadhaa kabla ya azma hiyo, na hakuna anayeweza kusema aliichagua tarehe yake. Aliyechagua mwenyewe kuondoka akiwa na miaka 66, kisha akaonekana jukwaani na mgombea kabla ya mwaka kwisha, ameifanya kila hukumu yake ya mwisho isomwe upya kwa jicho la shaka, na waliozipata hukumu hizo kwa haki watasumbuliwa bila kosa lao.

Kwa hivyo, baada ya kukabidhi ofisi, jaji akae mbali na majukwaa ya kampeni mpaka uchaguzi mmoja mkuu upite. Asikubali kuulizwa na mwandishi wa habari ni nani anayefaa kumrithi, wala asimtaje mtu huyo kwenye harusi au matangani, kwa kuwa neno la jaji mstaafu hutembea. Tume inapotoa orodha ya waombaji watakaohojiwa, huwaalika wananchi kupeleka taarifa kwa maandishi kuhusu sifa na mwenendo wao. Jaji mstaafu anayemjua mwombaji kwa kazi, kwa wema au kwa ubaya, apeleke taarifa yake kwa njia hiyo, ndani ya muda uliotangazwa, jina lake na saini yake vikiwa chini ya ukurasa.